Ahadi, Taslimu, Baki

Baba alilichora daftari la kaunta kwa rula,
safu nne, kalamu ya kijani:
jina, ahadi, taslimu, baki.
Picha ya ukurasa wa kwanza ninayo kwenye simu,
ilipigwa upande, kidole gumba chake kimefunika pembe.
Shekivuli wa duka la mbolea: laki moja, taslimu.
Kwaya ya vijana: elfu themanini, baki ishirini.
Walimu wenzake wastaafu, kila mmoja kwa kadiri ya pensheni.
Na chini kabisa, mwandiko umebanwa kwa kukosa nafasi:
Mwantumu, vitumbua, elfu tano.

Hapa Dundee, Desemba, jua huchungulia saa tatu
na saa tisa na nusu limeshafunga duka.
Upepo wa mto Tay unapanda na ngazi hadi maktaba,
orofa ya tatu, ambako nakaa na koti langu
nikizitazama fomula.
Nazijua kama mtu anavyojua majina ya majirani
asiowahi kuwabishia hodi.

Swali la tatu lilitaka presha
ndani ya chombo kilichofungwa pande zote.
Niliandika kurasa mbili.
Jibu sikuliandika.

Muheza wameshaniita Injinia tangu siku ya viza.
Pampu ya zahanati imekufa toka Pasaka
na fundi wa Tanga amezuiwa asiiguse:
mwenyewe yuko Ulaya, anakuja.
Kina mama wanachota maji bondeni
wakinisubiri.

Kufaulu ni arobaini. Nilipata thelathini na moja.
Usiku ule sikuvua viatu.
Nilizichukua zile tisa zilizopungua
nikazigawa kwa watu sitini na wawili wa daftarini,
nione kila mmoja nimemdhulumu kiasi gani.
Hesabu hiyo niliipata sawasawa,
hadi nukta ya tatu.

Chumba cha pili anakaa Fergus,
baba wakili, babu wakili,
na yeye anasomea hicho hicho.
Hulia bafuni, bomba amelifungulia mpaka mwisho.
Sisi wengine tumezoea kusema:
Fergus siku hizi anaoga sana.

Jumapili akapiga shangazi Mwantumu.
Yeye hapigi kwa sababu, hupiga kwa vocha iliyobaki.
— Umekula?
— Shangazi, nimefeli.
Nikasikia mafuta yakichemka upande wa pili,
mtoto akidai chenji.
— Nimekuuliza umekula.
Nikasema bado. Akanisonya, nikamsikia anageuza.
— Kitumbua cha kwanza lazima king'ang'anie chuma.
Miaka thelathini hii, kila alfajiri. Nakila mimi,
nafuta chuma, natia kingine.
Halafu, kana kwamba anasema na mteja:
— Ile elfu tano nilikuchangia.
Sikukununua.
Vocha ikakata hapo.

Sitaki kudanganya kwamba nililala fofofo.
Mtihani wa marudio ni Agosti, na swali la tatu
litarudi limevaa shati jingine.
Baba bado sijampigia. Mara mbili nimeandika ujumbe,
mara mbili nimeufuta kwenye neno "shikamoo".
Wa tatu ameupata: Baba, mwambieni fundi wa Tanga
aitengeneze pampu.
Alama mbili za buluu. Hajajibu.

Nilipika wali. Ukashika chini.
Bafuni maji yanamwagika, yanamwagika.
Nikasimama mlangoni na mwiko mkononi,
nikalitafsiri swali la shangazi
likatoka kwa Kiingereza likichechemea:
— Fergus, umekula?

Bomba likafungwa.
Muda mrefu, hakuna kitu.
Kisha sauti nzito ya mafua:
— Kuna nini?

— Wali, nikasema. Umeungua kidogo.
Ukoko nakula mimi.